Nilimsahihisha mjomba mbele ya ukoo mzima

*"Nina miaka 29, nafanya kazi Dar es Salaam. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp lenye watu 61, kuanzia bibi mpaka wajukuu. Mjomba wangu ndiye aliyenilipia ada Kidato cha Tano na cha Sita baada ya baba kufariki. Kutwa anatuma habari za siasa. Wiki tatu zilizopita alirusha ujumbe wa sauti unaosema bandari imeuzwa kwa Waarabu kwa miaka 100. Nikajibu pale pale kwamba ni uongo, mkataba ni wa miaka 30, nikaweka na picha ya gazeti. Nikaongeza: 'Mjomba, kabla ya kutuma uwe unasoma.' Akajibu mstari mmoja: 'Akili nyingi huondoa maarifa.' Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Kundi zima kimya. Mama anataka niombe radhi, lakini mimi naona nikiomba radhi nitakuwa nimeukubali uongo. Hivi ni kweli kwamba ukweli haubadilishi watu? Nijitoe kwenye kundi? Na kwa kuwa mimi ni mmoja wa wasimamizi, naweza kushitakiwa kwa anayoyatuma? Usiku naamka saa nane kuangalia kama ameandika chochote."*

Dada yangu, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye sentensi ambayo wewe umeipita haraka: "Kabla ya kutuma uwe unasoma." Ujumbe wako mmoja ulifanya kazi mbili. Ulisahihisha habari, halafu ukamsahihisha mtu mzima, tena aliyekusomesha, mbele ya ukoo mzima. Mama anapokwambia uombe radhi, anazungumzia hiyo kazi ya pili. Wewe unamjibu kwa kuitetea ya kwanza. Ndiyo maana hamwelewani, ingawa wote wawili mna hoja.

Tuanze na bandari yenyewe, maana kabla ya kufundishana namna ya kubishana ni vizuri tujue kinachobishaniwa. Na hapa nina habari ambayo huenda isikufurahishe: hukuwa sahihi kwa kiasi unachodhani.

Tarehe 25 Oktoba 2022 Tanzania na Dubai zilitia saini makubaliano ya kiserikali kuhusu uendelezaji wa bandari. Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023, na hapo ndipo nchi ilipowaka. Makubaliano hayo hayakutaja mwaka wa kwisha. Yalisema yatadumu mpaka shughuli zote za miradi zikome, au mpaka mikataba itakayozaliwa ndani yake imalizike. Mikataba ya uendeshaji na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ni kitu kingine. Hiyo ilisainiwa tarehe 22 Oktoba 2023, Ikulu ya Chamwino, na ndiyo yenye miaka 30 unayoitaja. Inahusu sehemu ya bandari ya Dar es Salaam: gati namba 4 hadi 7, na gati 0 hadi 3 kwa kushirikiana na Mamlaka ya Bandari. Si bandari zote za nchi, wala si bandari nzima ya Dar.

Kwa hiyo "imeuzwa" ni neno lisilo sahihi, na miaka 100 haimo. Lakini mtu aliyeambiwa mwezi Juni 2023 kwamba kuna makubaliano yasiyo na tarehe ya mwisho, kisha Oktoba mwaka huo huo akaambiwa ni miaka 30 tu, ana haki ya kuuliza tushike lipi. Wewe umeshika karatasi ya Oktoba. Mjomba ameshika hofu ya Juni, ambayo huko njiani imetiwa chumvi na watu wengi kabla ya kumfikia. Ungeeleza tofauti ya hizo hati mbili, kundi zima lingejifunza kitu. Badala yake lilisikia neno "uongo," na mzee akasikia kwamba hofu yake ni ujinga.

Hofu ile si ujinga. Mtu wa rika la mjomba wako ameshuhudia Waziri Mkuu Edward Lowassa akijiuzulu Februari 2008 kwa sababu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2014 amesikia sakata la akaunti ya Escrow, nalo la fedha za umeme, likirindima bungeni. Kuhusu bandari hiyo hiyo, ameishi na malalamiko juu ya TICTS, kampuni iliyopewa kitengo cha makontena mwaka 2000 na kuondoka mwishoni mwa 2022. Mtu wa namna hiyo akisikia "mkataba" na "mwekezaji" kwenye sentensi moja, hasubiri kusoma kurasa zote. Na mwaka 2023 hakuwa peke yake: kesi ya kupinga makubaliano ilifika Mahakama Kuu Mbeya, ikatupwa tarehe 10 Agosti, na mwezi huo huo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likatoa tamko la kuyapinga. Unaweza kutokukubaliana na hao wote. Lakini huwezi kuwaambia wote kwamba hawasomi.

Sasa swali lako kubwa, kwamba eti ukweli haubadilishi watu. Imani hii imeenea sana, na mimi mwenyewe niliwahi kuifundisha darasani. Ilipata nguvu mwaka 2010, watafiti wawili wa Marekani, Brendan Nyhan na Jason Reifler, walipoonyesha kwamba baadhi ya watu wakisahihishwa habari za siasa huzidi kuing'ang'ania ile ya kwanza. Watu wakaipenda habari hiyo, kwa sababu inatupa ruhusa ya kukata tamaa na wenzetu. Baadaye Thomas Wood na Ethan Porter wakajaribu jambo hilo hilo kwa watu zaidi ya elfu kumi na mada zaidi ya hamsini, wakachapisha matokeo mwaka 2019: ule ukaidi hawakuuona ila kwa nadra mno. Kwa kawaida mtu akipewa usahihi ulio wazi, husogea kidogo kuuelekea.

Anachosogeza ni jambo moja, lakini. Mjomba anaweza kukubali kwamba ni miaka 30 na si 100, na bado asiiamini serikali wala DP World. Wengi huona hapo wameshindwa: "Nimempa ushahidi na bado anapinga!" Ushahidi wa miaka haujibu swali la imani. Hayo ni mabishano mawili, na la pili halina picha ya gazeti ya kulimaliza.

Kuna jambo jingine linalofanya kazi dhidi yako, nalo ni kurudia. Tangu utafiti wa mwaka 1977 inajulikana kwamba sentensi iliyosikika mara kadhaa huanza kuonekana ya kweli zaidi kwa sababu tu imezoeleka masikioni. Wahenga wetu walikwisha kuliona hilo, ila kwa upande wa hatari: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo naifurahia kwa ufupi wake, lakini imebeba uvumi mwingi mgongoni. Fundisho lake kwako ni la vitendo. Unaposahihisha, usianze kwa kuinukuu habari potofu kwa herufi kubwa ili uipinge, maana umeirudia mara nyingine. Anza na iliyo sahihi: "Mkataba wa uendeshaji ni wa miaka 30, unahusu gati hizi na hizi." Kisha taja kosa kwa kifupi, na urudi kwenye usahihi.

Nirudi kwenye ile methali ya mjomba. Ilikuuma kwa sababu ilidharau shule ambayo yeye mwenyewe aliilipia. Hata hivyo ina chembe ya kweli ambayo haitupendezi sisi tuliosoma. Mtafiti wa Marekani Dan Kahan na wenzake waliwapa watu hesabu ile ile kwa sura mbili: baadhi waliipata kama takwimu za dawa ya ngozi, wengine kama takwimu za sheria ya bunduki. Waliokuwa hodari wa hesabu waliijibu vizuri ile ya ngozi. Ilipogeuka kuwa ya bunduki, hodari wenzao wakaanza kuikosea pale jibu lilipopingana na upande wao wa siasa, na wakatofautiana kuliko wasiojua hesabu. Akili haikuwafanya waadilifu. Iliwapa zana kali zaidi za kutetea walichokwisha kukipenda. Jiulize, kwa siri tu: je, ungekwenda kutafuta gazeti kama mjomba angetuma habari potofu inayokupendeza?

Najua utasema, basi kwani nilipaswa kunyamaza? Hapana. Kundi lina watu 61. Ukiondoa wewe na mjomba wanabaki 59, na hao ndio wasikilizaji wako hasa. Wengi wao hawakuwa na upande. Kwao usahihi wa hadharani una faida kubwa, na ningesikitika kama ungeondoka na somo la kwamba mtoto wa watu hasemi mbele ya wakubwa. Ila fikiria waliona nini. Walikuja kwenye habari ya gati wakakuta mpwa na mjomba wanashikana mashati. Nani atakumbuka miaka 30?

Kijiweni mambo haya hupona yenyewe. Mtu akizidiwa huinua kikombe cha kahawa, hucheka, huhamia kwenye Simba na Yanga, adhana ikitolewa kila mtu anakwenda zake. Uso wa mwenzako unakuonya kabla hujavuka mpaka. Kwenye simu hakuna uso, na neno lililotoka halipotei: kila anayefungua kundi analikuta pale pale, jipya kama jana. Mjomba amesomeshwa ile sentensi yako mara 60, kila mara na jicho tofauti la ndugu. Nadhani ndiyo maana kimya chake ni kirefu kuliko kosa lako.

Ungefanyaje, basi? Njia ya kwanza ni kumtenga mtu na ujumbe. Sauti kama ile kwa kawaida haikutengenezwa na mjomba. Tazama juu yake, kama kuna alama ya mishale miwili maana yake imepita mikononi mwa wengi kabla ya kufika kwenu. Mjumbe hauawi. Andika: "Sauti hii imezunguka sana, Mjomba asante kwa kutuletea. Msemaji hakujitaja. Nilichokiona kwenye taarifa ya mkataba ni hiki." Hapo umemweka mjomba upande wako, nyote wawili mnamtazama mgeni asiyejulikana aliyeingia ukumbini.

Njia ya pili ni kumwomba aeleze, na hii inahitaji uangalifu. Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 2002, waliwauliza watu kama wanajua zipu au choo cha kuvuta maji kinavyofanya kazi. Wengi walijipa alama za juu. Walipotakiwa kueleza hatua kwa hatua wakakwama, wakajishusha wenyewe bila kusukumwa. Baadaye wengine wakajaribu hivyo kwa sera za serikali, na waliotakiwa kueleza sera inavyofanya kazi walipunguza ukali wa misimamo. Waliotakiwa kutoa sababu za kuipenda au kuichukia hawakupunguza. Kwa hiyo usimuulize mjomba "kwa nini unaamini hivyo?" maana utamtafutia silaha. Muulize: "Mjomba, meli ikifika pale gatini sasa, ushuru wa forodha unakusanywa na nani, na kodi ya pango inakwenda wapi?" Ila swali hilo liwe la kweli. Watu wazima huunusa mtego kutoka mbali. Na wewe jiandae kukwama pia. Mimi mwenyewe nikiulizwa mgao wa mapato ya gati nitakwama mapema.

Njia ya tatu sisi tunayo nyumbani, na sijui kwa nini tumeiacha mlangoni tulipoingia kwenye simu. Ni utani. Katika koo zetu nyingi kuna mtu mwenye ruhusa ya kusema kile ambacho wengine wakisema ni matusi: bibi kwa mjukuu, shemeji, binamu, mtani wa kabila. Umesema bibi yumo kundini. Bibi akimwambia mwanawe, "Wee, bandari ikiuzwa, huo uvumi unaotuletea humu utaupakulia gati gani," watu watacheka, mjomba atacheka, na kosa litakuwa limesemwa bila mtu kuvunjika. (Samahani kwa mfano, bibi yangu mimi angesema makubwa kuliko hayo.) Wewe kama mpwa aliyesomeshwa huna leseni hiyo kwa mjomba. Mwenye nayo yupo, mtumie.

Kuhusu kujitoa kwenye kundi: nikupe faida na hasara bila kupamba. Ukitoka utalala vizuri wiki ya kwanza. Lakini kwenye kundi la ukoo, ile taarifa ya kwamba fulani ametoka husomwa kama mtu aliyeinuka msibani akaondoka bila kuaga, na utakosa habari za ugonjwa, michango na ndoa. Kulinyamazisha kundi na kulifungua mara moja kwa siku ni bora zaidi. Kanuni ya "siasa marufuku humu" nimeiona ikijaribiwa na koo kadhaa. Mara nyingi hudumu mpaka uchaguzi ujao, na inayemkandamiza ni kijana mwenye hoja kuliko mzee mwenye sauti. Kuanzisha kundi la pili la wanaopenda siasa, hiari kwa hiari, kumefanya kazi vizuri zaidi kwa watu niliowashauri. Tatizo lake ni kwamba huko watabaki wale wanaokubaliana.

Kuna mahali pamoja ambapo adabu hii yote naiweka kando. Mjadala wa bandari ulikuwa na upande wake mchafu: kuwasema Wazanzibari kwa Uzanzibari wao, au Waarabu kwa Uarabu wao, au kuhesabu dini ya aliyesaini. Sauti aliyoirusha mjomba ilisema "kwa Waarabu," siyo "kwa DP World," na ukoo wa watu 61 huenda una mwenye damu ya huko. Ujumbe ukihama kutoka kwa kampuni au waziri na kwenda kwa watu wa asili fulani, jibu hadharani na jibu siku hiyo hiyo, kwa upole lakini bila kuzunguka: "Hapa tubishane mkataba, asili za watu tuziache." Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilisikiliza kwa miaka kadhaa jinsi RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilivyozoesha watu maneno ya namna hiyo, na Desemba 2003 ikawatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari. Simfananishi mjomba wako na hao hata kidogo. Nasema tu kwamba kwa maneno ya aina hiyo, kusubiri wakati muafaka kuna gharama yake.

Swali la sheria nitalijibu kwa kiasi, kwa kuwa mimi si wakili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamlenga anayechapisha taarifa *akijua* ni za uongo au za kupotosha, tena kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Kama ilivyopitishwa, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Unavyoona, kujua na kukusudia vimo ndani ya kosa lenyewe, na mjomba anayeamini anachotuma hafanani na mtungaji wa uvumi. Lakini kesi huamuliwa kwa maelezo yake, na hapo ndipo usimamizi wako wa kundi unaweza kuulizwa: ulijua nini, ulifanya nini. Mkifikia hatua ya mtu kuitwa polisi, au mtu kutishia kumshitaki ndugu, usitafute jibu kwenye makala kama hii. Nenda kwa wakili, au ofisi za msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake.

Na kuhusu kuamka saa nane za usiku. Wiki tatu ni nyingi. Simu ikalale chumba kingine kuanzia leo. Kama baada ya kuzungumza na mjomba usingizi bado haurudi, au unaanza kukosa hamu ya chakula na kazi, mwone mshauri nasaha au daktari ana kwa ana, kwa sababu huenda kilichoamshwa hapa ni zaidi ya bandari. Umesema alikulipia ada baba alipofariki. Mtu huyo akikunyamazia, si ajabu mwili ukakumbuka kufiwa.

Basi radhi. Omba, kwa ile sentensi moja tu, na usiombe kwa maandishi. Hapokei simu, kwa hiyo usizidi kupiga: mwambie mama amfahamishe kwamba unakuja Jumamosi, kisha nenda, na usiende mikono mitupu. Shikamoo kwanza. Kisha: "Mjomba, nilikukosea kukwambia husomi, tena mbele ya watu. Naomba unisamehe." Nyamaza hapo. Usiweke "lakini." Habari ya mkataba isiguswe siku hiyo isipokuwa yeye mwenyewe aianze, na nahisi ataianza, pengine kabla hata chai haijamiminwa. Akiianza, mweleze zile hati mbili, ya Juni na ya Oktoba, na umwambie wazi kwamba hofu yake ya ile ya Juni ilikuwa na msingi. Akitaka kurudi kundini kusahihisha miaka, mwachie aandike yeye. Asipotaka, andika wewe mistari mitatu bila jina la mtu, uanze na gati namba 4 hadi 7.